Mwanangu anataka kula kwa mpira wa vinyoya: maswali ya mlangoni, Tanga

Siku za mazoezi, baina ya alasiri na magharibi, hakosekani mzazi anayesimama mlangoni pa ukumbi akimngoja mtoto. Mwanzo huangalia simu. Baadaye huangalia uwanja. Kisha huja na swali, na mara nyingi ni lile lile la mzazi wa juma lililopita. Nimeyakusanya hapa ili anayeona haya kuuliza asome, na anayetaka kubishana aje amejiandaa. Mimi ni kocha wa klabu ndogo ya jioni ya mpira wa vinyoya, yaani badminton, hapa mjini. Nilicheza mashindano ya kanda miaka michache, goti likanistaafisha mapema.

Huu si ule mchezo wa uani tu, wa kupigiana kinyoya baada ya chai?

Ndio huo huo. Wengi wetu Tanga tuliuona mara ya kwanza uani, wavu umefungwa kati ya mnazi na nguzo ya nguo, watu wanacheka. Kinachobadilika ni kasi. Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipimwa mwaka 2023 akipiga kinyoya kilomita 565 kwa saa. Hiyo ilikuwa kwenye majaribio. Katika mechi halisi Mads Pieler Kolding wa Denmark alifikisha 426 mwaka 2017. Uwanja wenyewe ni mita 13.4 kwa 6.1, na wa mmoja mmoja upana wake ni mita 5.18 tu. Sasa piga picha kitu cha mwendo huo kinakujia ndani ya eneo dogo kama hilo.

Wala mchezo si mgeni nchini. Shirikisho la Afrika la mpira wa vinyoya lilianzishwa Dar es Salaam, mwaka 1977. Huwa nawaambia hilo wanaodhani tumeuokota kwenye televisheni juzi.

Mchezaji wa kulipwa ana mkataba kama wa Coastal?

Hana, na hapa ndipo hesabu za wazazi wengi huanza kwenda mrama. Mchezaji aliyesajiliwa Coastal Union anadai mshahara wake acheze au akae benchi. Wa vinyoya ni kama mvuvi mwenye ngalawa yake: tanga lake, nyavu zake, chambo chake. Akirudi mikono mitupu hakuna wa kumlipa siku. Nauli anajilipia, hoteli anajilipia, ada ya kushiriki pia, na akitolewa raundi ya kwanza asubuhi, jioni anaanza kutafuta basi la kurudi.

Wapo wasioishi hivyo. China na Indonesia huwaweka wachezaji bora kambini mwaka mzima. Japani wengi huajiriwa na kampuni zenye timu, na mshahara unaingia kama wa karani yeyote. Ulaya zipo ligi za klabu, nitazieleza mbele. Mtoto wa Tanga anaanza na ngalawa.

Kwani pesa zipo?

Zipo, ila zimelundikana juu, na mlima wenyewe unateleza. Mashindano ya Malaysia Open ya 2025 yalitenga dola 1,450,000, bingwa wa mmoja mmoja akaondoka na 101,500. Ukiisikia hiyo redioni unaweza kumtoa mtoto shule.

Sasa tushuke ngazi. Ziara ya dunia, iliyoanza kwa mfumo huu mwaka 2018, ina madaraja ya Super 1000, 750, 500 na 300, chini yake Super 100. Chukua shindano la Super 100 lenye jumla ya dola 100,000. Bingwa wa mmoja mmoja anapata asilimia 7.5, yaani dola 7,500. Wa pili 3,800. Aliyefika nusu fainali 1,450. Robo fainali 600. Aliyeshinda mechi moja akaingia kumi na sita bora, 350. Aliyetolewa raundi ya kwanza hapati hata senti. Wawili wawili ndio kabisa: mabingwa wanapewa asilimia 7.9, na wanagawana.

Mtoa nauli wa kutoka hapa hadi Vietnam au India, hizo dola 350 za mtu aliyeshinda mechi mwambie zimfikishe wapi. Na kumbuka kushinda hiyo mechi moja tayari ni kazi ya mtu anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku.

Chini ya Super 100 yapo International Challenge, International Series na Future Series. Hayo ya mwisho kwa kawaida hayana zawadi ya fedha kabisa. Unakwenda kutafuta pointi.

Pesa ya kweli iko kwa wadhamini. Jarida la Forbes lilimhesabia P. V. Sindhu wa India mapato ya dola milioni 8.5 mwaka 2018, na zawadi za mashindano humo zilikuwa kama nusu milioni tu. Zilizobaki zilitoka kwenye matangazo. Sindhu anatoka nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja wanaonunua sabuni na simu, na alikuwa ameleta medali ya fedha ya Olimpiki ya 2016. Mdhamini hamfuati mchezaji kwa kuwa ana mkono mzuri. Anafuata macho ya watu. Tanga macho ya watu yako Mkwakwani, kwenye uwanja wa soka, sote tunajua.

Aanze na umri gani? Wangu ana miaka 14.

Nitajibu kwa kisa cha Carolina Marín. Kazaliwa Huelva, kusini mwa Uhispania: mji wa bandari, joto, na klabu ya soka ya zamani kuliko zote nchini humo. Yaani kama hapa, ukiondoa mkonge. Alikuwa akicheza ngoma za flamenko, akaufahamu mpira wa vinyoya akiwa na miaka 8. Alipofika 14 alikwishahamia Madrid kukaa kambini, mbali na mama yake. Akawa bingwa wa dunia 2014, 2015 na 2018, na Olimpiki akachukua dhahabu Rio 2016.

Kwa hiyo anayeanza akiwa na 14 amechelewa kwa njia ile. Sitakudanganya ili nipate ada. Kwa timu ya taifa, kwa mashindano ya Afrika Mashariki, kwa ukocha, hajachelewa. Ninachoangalia siku ya kwanza ni miguu. Wasichana waliokua wakicheza rede mtaani wananishangaza kila mwaka: wanajua kukwepa, kugeuka na kurudi katikati bila kufundishwa, na raketi wanaizoea ndani ya mwezi. Wavulana waliokulia kwenye soka wana pumzi, lakini hukimbia wakimaliza hatua ndefu, na uwanja wetu hauna pa kumalizia.

Mbona mnang'ang'ania ukumbi? Raskazone pale nafasi tele.

Kinyoya kina uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Simama Raskazone, pale ufukweni, wakati wa kusi, urushe juu kitu chenye uzito kama wa karatasi moja ya daftari kubwa. Kikirudi, tuongee.

Kwenye ukumbi tunafunga hata madirisha, na hapo joto la Februari linatuua. Mashindano makubwa hutaka dari la mita 12. La kwetu halifiki, kwa hiyo watoto wetu wamezoea kupiga chini chini wasigonge mabati, na wakienda ukumbi wa maana huchukua siku nzima kuamini kwamba juu kuna nafasi.

Vifaa ni ghali?

Raketi si tatizo. Ya kuanzia inatosha mwaka mzima, iwe nyepesi, gramu 80 na kitu, nyuzi zifungwe ratili 22 hadi 24. Wazazi huja na raketi ya mkubwa aliyoletewa na mjomba kutoka Dubai, nyuzi zimekazwa ratili 28 kama za mashujaa wa kwenye runinga, mtoto anapiga mara kumi bega linauma. Rudisha, au mpe mjomba acheze mwenyewe. Raba ziwe na soli ya mpira isiyoacha alama. Ndala hapana. Viatu vya soka hapana.

Kinachokula pesa ni vinyoya vyenyewe. Kinyoya halisi kina manyoya 16 ya bata bukini yaliyochomekwa kwenye kizibo cha koki, na kopo linakuja na 12. Watoto wawili wakipigana kwa nguvu wanaweza kumaliza kopo kwa jioni moja, na kila kilichovunjika ni cha kutupa. Ndiyo maana tunafanya mazoezi ya miguu na ya kuanzisha kwa vinyoya vya plastiki, tunavitoa vya manyoya siku mbili kwa wiki, na vilivyochakaa havitupwi mpaka mimi niseme. Mtoto akikwambia kocha bahili, kakwambia kweli.

Vipo pia vya kasi tofauti. Hewa ya joto ni nyepesi na kinyoya kinaipenya haraka. Ya mlimani ni nyepesi zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Kampala kama 1,200, sisi tuko hapa na miguu majini. Kopo tulilozoea Tanga ukilifungua Nairobi, kila pigo refu linatoka nje kama limesukumwa na mtu. Waandaaji huchagua vya polepole zaidi, lakini mkono wa mtoto nao una mazoea yake. Ipo njia ya kukipima: simama mstari wa nyuma, kipige kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu. Kinatakiwa kidondoke kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Nawafundisha wote jambo hili, hata wa miaka 9, maana ndio ukaguzi wa kwanza ukifika mji wa watu.

Hivyo viwango vya dunia mtu anaingiaje?

Hili nalikalia kidogo, kwa sababu ndilo roho ya kazi yenyewe na ndilo lisiloeleweka.

Huwezi kuamka asubuhi ukajiandikisha mwenyewe kwenye mashindano ya kimataifa. Jina lako linapelekwa na chama cha taifa, wiki kadhaa kabla. Ukishacheza, unapata pointi kulingana na daraja la shindano na raundi uliyofika. Shirikisho la dunia, makao yake Kuala Lumpur, hujumlisha matokeo yako bora kumi ya wiki 52 zilizopita. Ya kabla ya hapo yanafutika. Yaani pointi zina tarehe ya kuharibika, kama maziwa.

Bingwa wa Future Series anapata pointi 1,700. Wa International Series 2,500, International Challenge 4,000, Super 100 5,500, Super 300 7,000, na Super 1000 12,000. Sasa tazama hesabu inavyomwonea wa mbali. Mtoto wetu kaenda mashindano matatu ya Future Series ndani ya mwaka, kayatwaa yote matatu, bila kupoteza hata seti. Ana 5,100. Mchezaji wa Ulaya kacheza Super 300 mara kumi, hajawahi kupita robo fainali. Kila robo fainali ni 3,850. Mara kumi ni 38,500. Wetu kashinda kila kitu, mwenzake hajashinda kombe hata moja, na bado hawafikiani hata kwa macho. Nafasi ya kuingia mashindano makubwa hutolewa kwa kufuata hizo pointi. Anayekosa nauli ya kwenda mara kumi anabaki nje ya mlango hata kama ana mkono wa dhahabu.

Ndiyo maana wachezaji wa Afrika hujiandikisha mmoja mmoja, wawili wawili na mchanganyiko (mwanamume na mwanamke upande mmoja) katika safari moja. Nauli ni ile ile. Mwili ndio unaolipa.

Na makaratasi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya mazoezi miezi minne kwa ajili ya shindano moja la Nairobi, nikachelewa siku mbili kupeleka nakala ya pasi ya kusafiria. Siku mbili tu. Jina halikuingia, nikakaa Chumbageni nikisoma matokeo kwenye simu. Tangu hapo kila mtoto anayefika miaka 15 kwangu, kitu cha kwanza ninachomdai mzazi ni pasi. Raketi baadaye.

Mashindano ya karibu yako wapi?

Kenya na Uganda huandaa yao ya kimataifa, na Zambia, Mauritius, Misri na Nigeria pia. Sisi ya Nairobi ndiyo tunayoyaona kama ya jirani: unavuka Horohoro, Lunga Lunga, unalala Mombasa kwa ndugu, asubuhi unapanda treni. Kila mtu Tanga ana ndugu Mombasa, na kama hana, anaye wa kuazima. Kampala ni basi refu, miguu inavimba, kwa hiyo ondoka mapema upumzike siku moja. Mauritius ni ndege, na hapo ndipo harambee ya mtaa huanza.

Olimpiki je? Inawezekana kweli?

Mchezo uliingia rasmi Barcelona 1992, mchanganyiko ukaongezwa Atlanta 1996. Kwa Paris 2024 zilipangwa nafasi 172 kwa dunia nzima, wanaume na wanawake. Nchi haiwezi kujaza watu wake wote: hata China huingiza wawili tu kwenye mmoja mmoja, na sharti wote wawili wawe ndani ya 16 bora. Halafu kwenye mmoja mmoja kila bara linahakikishiwa mwakilishi. Hapo ndipo penye upenyo. Kushindana na China hakutuhusu kwanza; kazi ni kuwa juu ya Mnigeria, Mmisri na Mmauritius. Anuoluwapo Opeyori wa Nigeria na Georges Julien Paul wa Mauritius walikuwapo Paris. Uganda ilimpeleka Edwin Ekiring Beijing tangu 2008.

Waganda ndio ninaowatolea mfano kila mara, hadi watoto wamechoka. Mwaka 2024 timu yao ya wanawake ilicheza Uber Cup, kombe la dunia la timu za wanawake, mjini Chengdu, China, kundi moja na Japani na Indonesia. Walifungwa, ndiyo. Lakini binti wa Kampala alisimama upande wa pili wa wavu na Mjapani, na hakuna aliyemwambia kakosea njia. Ni majirani zetu hawa, wanakula ndizi kama Wahaya.

Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa mlango mwingine tangu 1966, ila kwa Glasgow 2026 vinyoya vimeachwa nje ya orodha. Michezo ya Afrika inavyo tangu Abuja 2003.

Binti yangu anavaa hijabu. Atalazimishwa sketi?

Halazimishwi. Shirikisho la dunia lilijaribu mwaka 2011 kuwalazimisha wanawake sketi au gauni kwenye mashindano ya juu, likidai mchezo utapendeza zaidi kwa watazamaji. Wachezaji wakagoma, si Waislamu pekee, na 2012 wazo likazikwa. Binti acheze na suruali ya kubana, mikono mirefu na mtandio usiolegea. Mimi nilicheza hivyo. Kitu kimoja: asitumie pini. Ushungi wa kuvuta kichwani ndio salama, pini ikichomoka unasimamisha mechi.

Ramadhani mnafunga?

Saumu tunafunga, ukumbi hatufungi. Mazoezi huhamia baada ya tarawehe, mepesi, zaidi ya mikono na kuanzisha. Uji na tende kwanza. Anayekuja amekula sambusa sita namtambua kabla hajashika raketi.

Na shule?

Abaki shule. Hili sijadili sana, ila nieleze sababu, maana wengine wananiona mnafiki: kocha gani anamzuia mtoto wake?

Michezo ya shule kwetu, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, imejengwa juu ya soka, netiboli, wavu, mikono, kikapu na riadha. Mtoto wa vinyoya habebwi na mfumo huo, na mwalimu wa michezo anayempa ruhusa ya kusafiri anafanya hisani. Alama zikishuka, hisani inakwisha. Kwa hiyo ripoti nzuri ndiyo tiketi ya kutoka getini. Pili, semina za waamuzi na makocha wa kimataifa ni za Kiingereza kwa sehemu kubwa, na fomu zote pia. Tatu, goti. Yangu niliambiwa na daktari nikiwa na miaka 24.

Kidato cha pili na cha nne, miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa, napunguza siku za mazoezi hadi mbili. Anayekuja ya tatu kwa kujificha namrudisha nyumbani, na mama yake nampigia.

Mtu anaumia sana?

Vifundo, magoti, bega, na mshipa wa nyuma ya kisigino. Hakuna kugongana kama soka, lakini kuna kusimama ghafla mara mia kadhaa kwa mechi moja. Marín yule yule alichanika kano ya goti 2019, akapona. Akachanika goti la pili 2021, akakosa Olimpiki ya Tokyo, akapona. Nusu fainali ya Paris 2024 alikuwa anaongoza, seti moja mkononi, goti likaachia tena. Watoto wangu waliona kwenye simu, ukumbi ukanyamaza, na mmoja akauliza kama anaweza kwenda nyumbani mapema.

Tunaruka kamba, tunaimarisha mapaja, tunapasha mwili dakika 20. Nikisema mtoto apumzike wiki mbili, mzazi asimpeleke kwa mkandaji arudi kesho. Hilo limetokea, na zaidi ya mara moja.

Dawa za kikohozi, mitishamba?

Kwa wanaofikia mashindano ya kimataifa: hapana, bila kuuliza. Dawa nyingine za mafua zina pseudoephedrine, ambayo siku ya mashindano ikizidi kiwango ni kosa. Na chupa ya nguvu za kiume au za pumzi inayouzwa stendi hakuna ajuaye ndani yake mna nini, hata muuzaji.

Mwanangu anabeti soka. Kuna shida?

Umri wake kwanza. Kwa mchezaji wa vinyoya wa kimataifa, kubeti mchezo wake mwenyewe ni marufuku kabisa, na kupanga matokeo ni kifo cha kazi: mwaka 2018 Wamalaysia wawili, Zulfadli Zulkiffli na Tan Chun Seang, walifungiwa miaka 20 na 15. Kijana aliyezoea kuchana mkeka kila Jumamosi ni rahisi kwa mtu kumfuata hotelini na bahasha. Mimi simpeleki nje.

Mtoto wangu ana ulemavu wa mguu. Mnampokea?

Tunampokea, na kwa kweli njia yake huenda ikawa fupi kuliko ya wengine. Mpira wa vinyoya wa wenye ulemavu uliingia Paralimpiki Tokyo, michezo ya 2020 iliyochezwa 2021. Kuna madaraja ya viti vya magurudumu, ya ulemavu wa miguu, wa mkono, na ya wenye kimo kifupi. Kampala imekuwa ikiandaa mashindano yao ya kimataifa, kwa hiyo hata safari ni ya basi. Shida yetu ni mlango: una ngazi tatu na hauna mteremko. Tunambeba mtu na kiti chake, jambo ambalo si heshima, nasi tunalijua. Fundi ameshapima.

Asipofika huko juu, atafanya nini na miaka yote hiyo?

Wengi hawafiki, kwa hiyo hili ndilo swali la maana kuliko la Olimpiki, na ni nadra mzazi kuniuliza.

Ligi za klabu Ulaya, Ujerumani, Ufaransa na Denmark, huchukua wageni. Hata klabu za madaraja ya chini hutafuta mtu wa kuwachezea wikendi na kuwafundisha watoto katikati ya wiki, wakampa chumba na posho. Wachezaji kadhaa wa Afrika wamepita njia hiyo, na ndiyo inayowapeleka karibu na mashindano bila nauli ya ndege kila mara. Inahitaji kiwango kizuri, si cha ubingwa wa dunia, na inahitaji uvumilivu wa baridi.

Hapa nyumbani ipo kazi ya ukocha: kozi za shirikisho la dunia za ngazi ya kwanza huendeshwa Afrika, na mpango wao wa mashuleni, Shuttle Time, upo tangu 2012 na unamlenga hata mwalimu asiyewahi kucheza. Shule binafsi zinazotaka mwalimu wa michezo anayejua zaidi ya soka zinaongezeka, na anayetaka cheti cha serikali aende Chuo cha Michezo Malya, Kwimba. Uamuzi nao unasafirisha. Mwamuzi anakwenda mashindano kwa macho na utulivu, wala hapimwi pumzi. Nina mwanafunzi mmoja wa zamani ambaye hakuwahi kunifunga hata seti, leo ana mihuri mingi kwenye pasi kuliko mimi.

Na kuna kufunga nyuzi. Usicheke. Mji mzima huu raketi zinakatika nyuzi zinapelekwa Dar, kilomita 350 na zaidi, zinarudi baada ya wiki. Kijana mwenye mashine yake Ngamiani, barabara yoyote ile, hakosi mteja.

Mnaanza saa ngapi, na naweza kuja kuangalia tu?

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na nusu jioni, Jumamosi asubuhi saa moja kabla jua halijakolea. Aje na maji lita moja na nusu, taulo, na raba mkononi, asizivae njiani, mchanga unaua sakafu. Siku tatu za mwanzo hakuna malipo. Mzazi karibu, kuna benchi upande wa kushoto ukiingia. Tafadhali usimpigie mtoto kelele wakati anaanzisha, na kinyoya kikikuangukia miguuni kirudishe, hata kama kimechakaa.